MF 165 inavuja oili na lifti haishikilii plau: ninunue pampu mpya?

Mkulima wa Maramba

Hodi wakuu, na shikamooni wakubwa wote.

Niko Maramba, wilaya ya Mkinga. Nina trekta Massey Ferguson 165 alilotuachia marehemu baba. Injini ni Perkins ya silinda nne, nzima kabisa, asubuhi inawaka bila kusumbua. Linalima mashamba yetu ya mahindi na muhogo, halafu linalimia watu kwa ekari. Plau ni ya sahani tatu.

Tatizo langu liko kwenye haidroliki. Nikinyanyua plau inapanda bila shida, lakini ikifika juu haitulii. Inashuka kidogo, inajivuta juu, inashuka tena, inajivuta, njia nzima mpaka shambani. Nikizima injini inaanza kuzama hapo hapo, na hata chai haijapoa sahani zimeshagusa ardhi.

La pili ni matone. Trekta likilala, asubuhi nakuta doa kubwa mchangani, usawa wa pale injini inapoungana na giaboksi. Kijiti cha oili ya giaboksi kinaonyesha inapungua, kila mara naongeza.

Alikuja fundi, akachungulia chini, hakufungua hata bolti moja, akasema pampu ya haidroliki imekufa, ndiyo inayovuja, tununue mpya. Bei aliyonitajia inameza kila nilichotegemea kupata kwa kulimia watu vuli hii. Na mvua ndizo hizi zinakuja, watu wameshafyeka, simu hazikatiki.

Kubishana na fundi kwa jambo nisilolijua siwezi. Ila pesa ile nayo siitoi kabla sijaelewa. Pampu ya trekta hili iko wapi hasa? Inavujaje? Na je, kuna aliyewahi kuitengeneza bila kununua mpya?

Dereva Kabuku

Pole sana dada. Mimi naendesha Ford 4000 huku Kabuku na kitu kama hicho tulikipata. Pampu imefungwa ubavuni mwa injini, na ilikuwa ikilowa pale inapokaa kwenye bloku. Tuliifungua, tukaweka sili (mpira wa kuzuia oili) na oringi (mpira wa pete) mpya, gasketi tukakata wenyewe, kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Tazama ubavuni mwa injini yako, kama kumelowa basi umeshaupata ugonjwa.

Kingine, jaribu oili nzito zaidi. Oili nzito haitoroki upesi, lifti itashikilia.

Fundi wa Muheza

Marahaba binti yangu, na pole kwa kufiwa na mzee.

Nimekulia kwenye karakana ya shamba la mkonge, na Massey 135 na 165 ndizo zilizonifundisha kazi. Nakwambia kwanza lililo kubwa: pampu usinunue. Angalau bado.

Kijana wa Kabuku amesema kweli, lakini kwa Ford yake. Ford 3000 na 4000 zina pampu ya lifti ubavuni mwa injini, mtu anaiona kwa macho na anaifungua kwa spana. Massey haikuundwa hivyo. Pampu ya lifti ya 165 iko ndani, chini ya kiti unachokalia, imezama kwenye oili ya nyumba ya katikati, yaani boma la chuma lililo nyuma ya giaboksi, na inazungushwa na shafti inayokwenda PTO, ile ya nyuma inayoendesha mashine. Ina pistoni nne ndogo zinazotazamana mbili mbili. Ukikanyaga klachi ya hatua mbili mpaka chini, nayo inasimama.

Sasa kitu kilichozama ndani ya oili kitadondoshaje oili mchangani? Kikivuja, kinavujia humo humo na oili inarudi ilikotoka. Tone unaloliona asubuhi si la pampu ya lifti hata kidogo. Binti yangu, trekta lako lina magonjwa mawili, na yule fundi ameyafunga kwenye furushi moja ili akuuzie dawa moja ya ghali. Hilo limeniuma, ndiyo maana naandika marefu.

(Kama 165 yako ina usukani wa haidroliki utakuta pampu nyingine mbele kwenye injini. Hiyo kazi yake ni usukani tu, haihusiani na plau.)

Tuanze na tone. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye kota pini (pini ya waya uliokunjwa) inayoning'inia. Liko pale makusudi, ili oili ikiingia humo itoke. Wapo wanaoliziba wakidhani wameziba uvujaji, kumbe oili inajaa ndani mpaka inalowesha sahani za klachi. Kama lako limezibwa, lizibue leo. Halafu usiku tandika kipande cha boksi jeupe chini yake. Asubuhi angalia rangi na unuse. Ikiwa nyeusi, nyepesi, na inanuka moshi, hiyo ni ya injini, sili ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini) imechoka. Ikiwa na rangi ya dhahabu na inateleza mkononi, hiyo ni ya giaboksi, na anayevuja ni sili ya shafti inayoingia giaboksi. Kwa kuwa umesema kijiti cha giaboksi ndicho kinachopungua, mimi naelekea huku kwa pili. Trekta hili giaboksi, difu (gia za ekseli ya nyuma) na lifti vinakunywa oili moja, kwa hiyo inayotoka mbele inapungua na nyuma.

Njoo kwenye plau. Umesema inapanda bila shida. Pampu iliyokufa hainyanyui plau ya sahani tatu, binti yangu! Yako ni hai. Ule mchezo wa kushuka na kujivuta maana yake ni hii: oili iliyosukumwa kwenye silinda ya lifti inatoroka, mikono ya kunyanyulia inashuka kidogo, viungo vya ndani vinahisi imeshuka, valvu inafunguka, pampu inasukuma tena. Inafidia kinachopotea. Ukizima injini hakuna wa kufidia, ndipo inapozama moja kwa moja.

Inatorokea wapi? Huwa ni kwenye oringi za bomba linalotoa oili kwenye pampu kupandisha kwenye silinda, au kwenye mpira wa pistoni ya lifti, au kwenye pampu yenyewe, yaani valvu ya kudhibiti na valvu ya usalama. Nimezipanga kwa bei, kuanzia ya bei ndogo. Usianzie mwisho.

Namna ya kujua bila kupasua kitu ni hii. Ubavuni mwa nyumba ya katikati, mbele ya tairi la nyuma, kuna kifuniko cha bolti. Mwaga oili kidogo kwenye ndoo safi mpaka ishuke chini ya usawa wa kifuniko hicho, halafu kifungue. Washa injini, iache iende polepole, nyanyua plau, zima. Ndipo uchungulie kwa tochi. Oili ikitiririka kuzunguka bomba lile lililosimama, ni oringi zake. Ikidondoka kutoka juu, kwenye mdomo wazi wa silinda iliyoning'inia chini ya kifuniko kikuu, kile kilicho chini ya kiti, ni mpira wa pistoni. Ikitoka kwenye mwili wa pampu huko chini, hapo sasa tutaizungumzia pampu.

Injini ikiwa inaunguruma mkono usiingie humo ndani, kuna shafti inazunguka. Asikae mtu wala mtoto karibu na plau ikiwa juu. Na usitafute uvujaji kwa kidole: oili ya lifti ina presha ya paundi zaidi ya 2,000 kwa inchi ya mraba, ikichomoza kwenye tundu jembamba inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni la hospitali upesi. Tumia kipande cha boksi.

Kuhusu oili nzito, hapana. Mpira uliokatika hauponi kwa oili nzito, na asubuhi ikiwa baridi pampu itapata shida kuivuta.

Dereva Kabuku

Nimekuelewa mzee wangu, ahsante kwa kunisahihisha. Dada, fuata ya mzee.

Mkulima wa Maramba

Mzee wangu shikamoo tena, na Mungu akuzidishie. Nimemsomea dereva wangu neno kwa neno, tumefanya pamoja.

Tundu la kota pini lilikuwa limezibwa kwa kitambaa na silikoni. Tumelizibua, ikatoka oili nusu kikombe. Kwenye boksi asubuhi ni ya dhahabu, haina harufu ya moshi. Klachi haitelezi, namshukuru Mungu.

Kifuniko cha ubavuni tumefungua. Bomba lililosimama ni kavu. Oili inadondoka kutoka juu, mfululizo, kwenye mdomo wa silinda kama ulivyosema. Chini kwenye pampu hatukuona kitu.

Lakini kuna jambo limenishtua. Oili tuliyomwaga ina rangi ya chai ya maziwa. Juu ni nzuri, chini ya ndoo ni nyeupe nyeupe. Hii ni nini? Na huo mpira wa pistoni naupata Tanga mjini au mpaka Dar?

Spea Ngamiani

Dada yangu wa Maramba, Tanga unapata. Mimi nauza spea hapa Ngamiani na za Massey ndizo zinazotoka zaidi, maana Handeni yote na Muheza zinatembea hizo. Usiulize "sili ya lifti" kwa simu ukatumiwa kwenye basi. Pistoni za lifti zimebadilika kadiri miaka ilivyokwenda: nyingine zina ringi za chuma, nyingine zina oringi na ringi ngumu ya kuishikilia pembeni. Toeni pistoni kwanza, njoo nayo, au uje na mpira wa zamani hata kama umekatika, tulinganishe unene na upana. Andika pia namba iliyo kwenye kibati cha trekta.

Na tafadhali, asije mtu akakukatia mpira wa tyubu. Mpira wa tyubu na mpira wa kawaida ukikaa kwenye oili unavimba na kulainika, baada ya muda mfupi umerudi ulipokuwa. Unaotakiwa ni ule mgumu kidogo, mweusi, wa naitraili, uliotengenezwa kwa ajili ya oili. Chukua na oringi za bomba hapo hapo hata kama leo ni kavu, bei yake ni ndogo na utakuwa umeshafungua.

Fundi wa Muheza

Ahsante dada wa Ngamiani, umesema yote kuhusu mpira.

Binti, weupe huo ni maji. Angalia mpira unaofunika mguu wa gia, pale fimbo inapoingia kwenye giaboksi. Nina hakika umepasuka. Trekta likilala nje, mvua inateremka na fimbo mpaka ndani. Huku kwetu pwani hata unyevu peke yake ni adui, sembuse mvua ya masika. Badilisha mpira huo, na usiirudishe oili ile hata kijiko. Maji yakikaa humo yanatia kutu silinda na valvu. Ile valvu ya kudhibiti ndani ya pampu inatikiswa muda wote na fimbo ndogo ili isigande. Ikipata kutu na matope inaganda, na hapo ndipo pampu iliyokuwa nzima inakufa kweli.

Kifuniko kikuu sasa kitanyanyuliwa. Si kazi ya kutisha, ila haitaki haraka, na haitaki mchanga. Ifanyeni kwenye kivuli penye sakafu, si shambani. Osheni mgongo wote wa trekta kwa dizeli na brashi kabla hamjafungua bolti ya kwanza, maana uchafu wa juu ukiingia ndani mmeharibu zaidi ya mlivyotengeneza.

Mwageni oili yote. Ni nyingi, karibu lita 30, andaeni vyombo. Tueni plau mbali, shusheni mikono mpaka chini kabisa. Toeni kiti, kiungo cha juu, na fimbo mbili za kunyanyulia. Kisha lile bomba lililosimama: linatokea juu ya kifuniko, lichomoeni kabla ya kitu kingine chochote. Nimeona watu wanasahau hili, wanavuta kifuniko na cheni bloki huku bomba bado limeshika pampu, linapinda au linapasua mdomo wa pampu. Wakati huo pampu mpya ndiyo inahitajika kweli, na imeuliwa na fundi.

Kifuniko ni kizito, msijaribu kwa mabega. Cheni bloki na tawi la mwembe lisilo bovu vinatosha kama hamna winchi. Kikipanda, kiinamisheni kwenye mbao. Silinda mtaiona imefungwa upande wa chini. Ifungueni, pistoni itoke. Sasa tia kidole ndani ya silinda, zungusha taratibu kuta zote. Kidole ndicho kipimo. Ikiwa laini, alhamdulillah, mpira mpya na imekwisha. Kutu ya juu juu ing'arishwe kwa msasa mwembamba sana wenye oili, kwa kuzungusha, si kwa kuvuta mbele na nyuma. Lakini kidole kikinasa kwenye mtaro, mpira mpya hautadumu. Hapo tafuta silinda nyingine, hata iliyotumika. Bado ni nafuu kuliko pampu.

Mpira mpya uupake oili safi kabla haujaingia, na usukume pistoni bila kupinda, kingo za silinda zisiukate. Wakati nyumba iko wazi, osha chujio la pampu, futa tope lote lililokaa chini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kurudisha kifuniko kuna mahali pamoja panaposumbua hata mafundi. Kwenye pampu kuna mkono mdogo wa valvu uliosimama, na kwenye kifuniko kuna viungo vinavyoning'inia. Vinatakiwa vikutane mahali pake. Mtu mmoja ashushe cheni polepole, mwingine aongoze kwa kupitia tundu la ubavuni. Kabla hamjavua kifuniko pigeni picha kwa simu kupitia tundu hilo hilo, muone vilivyokaa. Vikikosana, lifti itapanda isishuke, au haitapanda kabisa, na mtarudi kusema pampu mbovu.

Mkulima wa Maramba

Mzee, picha tumepiga nyingi kabla ya kufungua, na nakuhakikishia ndizo zilizotuokoa.

Tumemaliza. Mpira wa pistoni ulikuwa umekatika upande mmoja, kipande chake hatukukiona mpaka tulipofuta tope, kilikuwa chini kabisa. Silinda ni laini, kulikuwa na kutu kidogo karibu na mdomo tu. Dada wa Ngamiani alinilinganishia mpira mwenyewe kwa kipimo, nimechukua na oringi za bomba, gasketi ya kifuniko, na mpira wa gia. Ule wa zamani ulikuwa umepasuka kuzunguka wote.

Bado sijajaza oili. Duka la huku lina oili ya injini, na kuna mtu ananiambia niweke hiyo, mwingine anasema nichanganye na ya breki ili lifti iwe nyepesi. Nisaidie hapo. Na kuna namna ya kuamsha pampu baada ya kukaa kavu?

Fundi wa Muheza

Hongera sana binti yangu, na umpe mkono dereva wako.

Ya breki isikaribie trekta hilo. Haipatani na oili ya giaboksi, na mpira uliotoka kuununua itauharibu. Ya injini usiweke. Ulizia oili ya trekta inayofanya kazi ya giaboksi na haidroliki pamoja. Kibandiko kitasema hivyo waziwazi. Kama Maramba hakuna, Muheza ipo. Jaza mpaka alama ya juu ya kijiti trekta likiwa mahali tambarare, siyo kwenye mteremko wa uani.

Kuamsha si kazi. Washa, iache iende polepole, peleka fimbo ya lifti juu. Itachelewa kidogo kwa sababu ya hewa, usiongeze mafuta kuilazimisha. Ikianza kunyanyua, pandisha na ushushe mikono mitupu mpaka iende bila kukwamakwama. Zima, subiri, pima tena kijiti, maana kitakuwa kimeshuka, ongeza. Ndipo ufunge plau.

Mkulima wa Maramba

Mzee wangu, plau nimeinyanyua asubuhi nikazima injini. Tumeshika njia, tumekunywa uji, tumerudi, iko juu. Barabarani haitikisiki tena, imetulia kabisa. Kesho tunaanza kulimia watu.

Nilichobaki nacho ni lile tone la mbele. Naweza kulima vuli hii nalo?

Fundi wa Muheza

Unaweza, maadamu klachi haitelezi na tundu la kota pini liko wazi. Pima kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha, mwambie dereva aandike kwenye daftari kiasi anachoongeza. Kiasi hicho kikianza kupanda ghafla, au klachi ikaanza kuteleza mkipanda mlima na plau, simamisheni.

Vuli ikiisha tupasue trekta katikati. Nunua sili zote mbili za shafti ya giaboksi, ya nje na ya ndani, kwa sababu hapo kuna shafti moja ndani ya nyingine na anayebadilisha moja hurudi baada ya muda kufanya ya pili. Tukishafungua tutaitazama na ya nyuma ya kranki, na beringi ya klachi pia. Sili uzichukue mapema kwa dada wa Ngamiani, ukiwa na namba ya kibati.

Spea Ngamiani

Namba ninayo tayari, niliiandika alipokuja. Nitakuwekea zote mbili.